Mtambo wa Nyukiria wa Runazi

Midahalo ya shule yetu ya wasichana pale Runazi, wilaya ya Biharamulo, ilifanywa kwa Kiingereza, na ndiyo maana ilikuwa mifupi. Msichana alisimama, akamsalimu mwenyekiti, akamsalimu katibu, akamsalimu mtunza muda, akawasalimu wanafunzi wenzake, kisha Kiingereza kikamwishia akaketi. Tukampigia makofi. Lakini mwaka ule, katikati ya miaka ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, mkuu wa shule aliwaalika wazazi na majirani kuja kutusikiliza siku ya kufunga shule. Kwa wageni wengi hata Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ofisini tu, nyumbani walisema Kisubi au Kihangaza, kwa hiyo Kiingereza kikawekwa kando, tukajadili kwa Kiswahili. Yote yaliyotokea baadaye yalitokana na uamuzi huo. Kwa mara ya kwanza watu walielewa tulichokuwa tunasema, au walidhani wameelewa.

Mada ilichaguliwa na mwalimu wetu wa Fizikia: umeme wa nyuklia ni nafuu kuliko umeme mwingine wowote. Shule yetu haikuwa na umeme wa aina yoyote, kwa hiyo suala la upi ni nafuu zaidi lilikuwa geni kidogo kwetu. Tulisomea taa za mafuta, na asubuhi ukipenga kamasi leso inakuwa nyeusi. Mwalimu hakujali. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, wa familia iliyotoka Burundi zamani na kupata shamba wilaya ya jirani ya Ngara, na aliipenda nyuklia kama vijana wengine walivyopenda mpira. Aliitamka "nyukiria", maana ulimi wake, kama ndimi nyingi za kwetu, haukuona sababu ya kuzitenga r na l.

"Kipande kidogo hivi cha urani," alituambia akionyesha ncha ya kidole chake, "kina moto kuliko malori na malori ya kuni. Mnaona wasichana? Malori!"

Habari ya kuni ilitugusa. Miaka ile ukipita njia ya kwenda Ngara ulikuta vilima vimenyolewa. Watu waliovuka mpaka walikuwa wengi kuliko wenyeji, na kila mmoja alihitaji kupika. Mama zetu walioenda porini asubuhi na kurudi saa nne sasa walirudi jioni. Wakati huohuo, kwenye makazi ya wafanyakazi wa misaada, jenereta zilinguruma na taa ziliwaka mpaka ukadhani pale kuna mji. Umeme tuliujua, basi. Tuliutazama kwa mbali.

Mwalimu aliniweka mimi upande wa kutetea. Upande wa kupinga alimweka rafiki yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Alitoka Murukulazo, Ngara, na babu yake alikuja na wimbi la kwanza kutoka Rwanda, kabla baba zetu hawajaoa. Alikuwa na sauti ndogo na dharau kubwa. Siku moja kabla ya mdahalo nilimwomba anidokezee atakayosema.

"Nitakudokezea ukiwa umeshakaa chini," alijibu.

Siku ya mdahalo baba yangu alikuja kutoka Biharamulo mjini, amevaa kanzu na koti, akaketi mstari wa mbele. Babu zetu walitoka pwani na biashara, na baba aliendeleza duka lile lile: sabuni, chumvi, betri, tambi za taa, chimni, karabai, na zaidi ya yote, mafuta ya taa. Mafuta ya taa ndiyo yaliyonipeleka shule. Sikuwa nimemwambia mada ya mdahalo.

Nilianza vizuri. Niliwasalimu wazee shikamoo, wakaitika marahaba kwa mkupuo mmoja. Nikasema, "Ndugu wageni, tuseme mtambo wa nyuklia umejengwa hapa hapa Runazi. Zahanati itapata jokofu la chanjo. Mashine ya kusaga itafanya kazi mchana kutwa. Shule itawaka taa. Mama zetu hawatakwenda tena porini kutafuta kuni. Na bei itakuwa ya chini, kwa sababu mafuta yake yanayohitajika ni kidogo mno!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu wa Fizikia alisimama kabisa kunipigia makofi. Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika goti lake kama mtu anayeumwa na jino.

Kisha rafiki yangu akasimama na sauti yake ndogo, watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Mwenzangu amewatajia bei ya kula," alisema. "Hakuwatajia bei ya kupika wala ya kuosha vyombo. Mtambo huu haujengwi kwa mwaka mmoja. Unajengwa miaka na miaka kwa fedha za kukopa, na miaka yote hiyo tunalipa riba huku tumekaa gizani. Ukizeeka hauvunjwi kama banda la kuku, kuuvunja peke yake ni kazi ya watoto wetu na gharama yao. Na majivu yake si majivu ya kumwaga kwenye migomba. Yana sumu, yanazikwa, na yanalindwa kwa miaka maelfu. Mshahara wa mlinzi huyo ameuweka wapi kwenye hesabu yake?"

Watu wakacheka, wakanitazama. Nikajifanya natafuta kitu kwenye karatasi yangu.

"Na siku ukiharibika?" akaendelea. "Kule Usovieti mmoja ulilipuka. Watu walipakiwa kwenye mabasi, wakaambiwa waache vitu vyao, ni kwa siku chache tu. Mpaka leo hawajarudi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwaka ule, maneno "ni kwa siku chache tu" yalikuwa na uzito kwa kila mtu aliyekaa pale, wenyeji na wageni. Kisha mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Kumbe ni kama hawa wa kambini! Wanakuja, hawaondoki!"

Kicheko kikaanza. Rafiki yangu alikisubiri kiishe.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Babu yangu alivuka mto amebeba chungu na mtoto. Leo maharage yake yanauzwa gulioni, na huenda wewe umeyala. Mtu ukimpa mahali atalima, ataoa, atalipa kodi, na nafsi yake ikimtuma kurudi kwao atarudi. Taka hazilimi, mzee. Ukizipa mahali zinakaa tu, na wewe ndiye unayezitumikia."

Mzee alisema, "Haya, nimesikia," akavuta kofia machoni.

Nilishindwa vibaya. Baba alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yangu akampa mkono. "Mwanangu, umesema maneno ya biashara," akamwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ulijitahidi." Mimi na baba tulirudi mjini kwenye lori la mizigo, nami nikadhani mambo ya nyuklia yamekwisha.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa dukani kumsaidia baba, akaingia mteja kutoka Runazi, mwanamume mcheshi aliyenunua mafuta kwetu kila mara. Safari hii alinunua nusu ya kawaida yake.

"Naona umepunguza," baba alimwambia.

"Ya nini kuweka akiba, Mzee? Kuna shirika jipya linakuja kwetu. Linaitwa Nyukiria."

"La wapi?"

"Wengine wanasema la Wajapani. Litaleta taa, litaleta jokofu, akina mama hawatakwenda kuni. Limetangazwa shuleni mbele ya mkuu wa shule. Kuna mtoto wa kike alilisoma kwenye karatasi."

Lazima mwelewe miaka ile. Kila kitu kipya kilikuwa shirika. Asubuhi ulikuta gari jeupe lenye antena ndefu limesimama njiani, jioni vijana wa kijiji wameshaajiriwa kuwa madereva, walinzi na wakalimani, na mwezi ujao mmoja wao anajenga nyumba ya bati. Mashirika yalikuwa na majina ambayo hatukuweza kuyatamka. Nyukiria lilikuwa rahisi kuliko mengi. Neno "tuseme" nililoanza nalo lilikuwa limedondoka mahali fulani kati ya Runazi na mjini, likabaki "mtambo umejengwa".

"Mtoto mwenyewe ni mimi," nikamwambia. "Ulikuwa mdahalo tu. Na tulishindwa."

Yule mteja alinitazama kwa heshima mpya. "Kumbe ni wewe! Basi utakuwa unajua. Wanaajiri lini?"

Jitihada zangu zote za kukanusha zilifanya jambo liwe kweli zaidi. Nilipocheka, walisema nimekatazwa kusema. Nilipokasirika, walisema nimeshaahidiwa kazi. Habari kutoka Runazi ziliendelea kuingia dukani pamoja na wateja. Mmoja aling'oa maharage yaliyokuwa yanakaribia kukomaa akapanda miche ya kahawa, kwa sababu alisikia kahawa hulipwa fidia kubwa. Mwingine alihamishia migomba kwenye njia ambayo aliamini nguzo zitapita. Migomba ile ikanyauka imesimama, kama watu waliokwenda harusini siku isiyo yake.

Baba kwanza aliogopa kwa ajili ya mafuta yake ya taa. Alizunguka dukani akipangua makopo na kuyapanga tena. Halafu jioni moja tukiwa tunakula alitangaza kwamba amepata kiwanja Runazi, karibu na barabara. Atajenga nyumba ya wageni, kwa ajili ya mafundi wa mtambo.

Mama aliweka kijiko chini. "Baba fulani," alisema, kwa namna alivyomwita akiwa amekasirika, "wewe ulikuwepo. Ulimsikia mtoto wako akishindwa. Sasa unanunua kiwanja kwa hoja iliyoshindwa?"

"Mambo ya serikali huanza hivyo hivyo," baba alijibu. "Kwanza wanayapitisha shuleni, waone watu watasemaje."

"Mimi ndiye niliyesema, Baba! Nilitoa kichwani!"

"Na mwalimu wako je? Mada aliitoa wapi?"

Baba akatabasamu, akajimegea ugali.

Kwa mwalimu ndiko maji yalikozidi unga. Alikuwa amechumbia kata ya jirani, Nyakahura, kwa mama mjane mwenye ng'ombe wengi na binti mmoja. Mambo yalikuwa yamefika pazuri. Sasa watu wa Runazi, walioutaka mtambo, walikuwa wamesikia pia habari ya taka zenye sumu, na wakaamua kwa umoja kwamba mtambo ukae Runazi na taka ziende Nyakahura, kwenye malisho, ambako hakukai watu wengi. Habari hiyo ilifika Nyakahura kabla ya mchana. Watu wa Nyakahura wakaacha kuwauzia maziwa watu wa Runazi. Watu wa Runazi wakajibu kwa kutokwenda kwenye soko lao la barabarani. Wanawake waliokuwa wakisukana nywele miaka yote wakapishana njiani bila salamu. Mtambo haukuwa na hata tofali moja, na tayari ulikuwa umegawanya kata mbili.

Mtendaji wa kata akaitisha mkutano, akatuma watu kutuita mimi, rafiki yangu na mwalimu twende kueleza ukweli. Rafiki yangu alisafiri kutoka Murukulazo kwa lori la mahindi ya msaada na alifika amejaa vumbi jeupe.

"Wewe na 'tuseme' yako," ndiyo salamu aliyonipa.

Mtendaji alifungua mkutano kwa ukali. "Ndugu wananchi, hakuna mtambo. Hakuna shirika. Serikali haina habari na jambo hili."

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Jirani yangu alimnong'oneza mwenzake, "Umeona? Wameshakula fedha."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mimi sina neno na mtambo. Naulizia ile nafasi ya mlinzi wa taka. Nimesikia ni ya miaka maelfu. Hiyo si ni ajira ya kudumu?"

"Hakuna nafasi!" Mtendaji alifoka.

"Imeshachukuliwa na ndugu yake nani?"

Kelele zikapanda. Watu wa Runazi wakaanza kutaja ahadi zangu moja moja kama deni. Watu wa Nyakahura, waliokuwa wamesimama upande wao na fimbo zao za kuchungia, wakapendekeza kwamba kama sumu lazima izikwe, izikwe chini ya ofisi ya Mtendaji. Mwingine akasema ipelekwe Ngara, maana wao wameshapata mashirika yote, wapate na hili. Rafiki yangu akasimama juu ya benchi akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Ngara tumeshapokea! Tumetoa vilima, tumetoa maji! Kila mtu hapa anataka taa, na kila mtu anamtafuta jirani wa kumwachia majivu. Hebu mwenye kuzitaka taka hizo nyumbani kwake anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha, hata yule kijana wa ajira ya kudumu.

Ndipo yule mama mjane wa Nyakahura alipojitokeza mbele. Alikuwa mfupi, amejifunga kitenge na koti kuukuu la mwanamume juu yake. Hakumtazama Mtendaji. Alimtazama mwalimu wa Fizikia, ambaye muda wote alikuwa anajaribu kujificha nyuma yetu, bila kufanikiwa kwa sababu ya urefu wake.

"Shikamoo Mama," mwalimu alisema.

"Marahaba. Mimi sikusoma. Nataka uniambie neno moja. Kitu hiki unakitaka, au unamtaka binti yangu?"

Hata Mtendaji alikaa chini asikilize.

"Mama, binti namtaka," mwalimu alisema. Angeweza kuishia hapo akashangiliwa, lakini hakuwa mtu wa kudanganya kuhusu Fizikia. "Na nyukiria pia naipenda. Siwezi kusema siipendi. Ni kitu cha ajabu sana. Lakini hawa wasichana wamenifanya nirudi kwenye vitabu vyangu. Nilifundishwa bei ya kuiwasha. Bei ya kuizima sikufundishwa, na sijaipata mahali popote. Kwa hiyo nilipoandika ubaoni kwamba ni nafuu, niliandika nisichokijua."

"Kwa hiyo taka haziji kwangu?"

"Haziji, Mama. Hakuna mtambo. Ulikuwa mchezo wa wanafunzi."

Mama yule alikaza kitenge chake. "Basi rudi kasome hiyo ya kuzima," alisema. "Ukishaijua, uje tuzungumze habari ya ng'ombe wa mahari. Sitoi mtoto kwa mtu anayejua kuwasha tu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Runazi walicheka na Nyakahura walicheka, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kupoa, ingawa si siku ile. Maziwa yalichukua muda kurudi. Yule aliyeng'oa maharage alikosa chakula kabla ya mavuno yaliyofuata, akakopeshwa na wale wale majirani aliotaka kuwahamishia sumu. Kiwanja cha baba kilikaa bila nyumba. Alipanda mihogo, akaniambia tangu mwanzo lengo lake lilikuwa mihogo.

Mwalimu alioa, baada ya kusubiri muda mrefu kuliko alivyopenda. Sijui kama aliipata bei ya kuzima. Najua tu kwamba tuliporudi shule alifuta lile neno "nafuu" kwenye somo lake na kuweka alama ya kuuliza, na kwamba tangu hapo mwanafunzi akimjibu swali alimwambia, "Endelea. Halafu?" Neno hilo tulilichukia kuliko mtihani wenyewe.

Wageni wa kambini wengi walirudi makwao, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa, na misafara yao ilijaza barabara ile ile waliyojia. Magari meupe yakapungua, jenereta zikanyamaza. Likizo moja nilikwenda kumtembelea rafiki yangu Murukulazo. Kilima cha nyuma ya kwao kilikuwa kitupu, na baba yake alikuwa amepata miche ya miti mahali fulani. Tulipewa majembe tukapande. Jua lilikuwa kali, na udongo mgumu kama sakafu. Nilichimba shimo langu la kwanza, nikaweka mche, nikashindilia kwa kisigino, nikasimama kujisifu.

Rafiki yangu alikuja akauchungulia kwa muda mrefu.

"Umeupanda kichwa chini," alisema.

Haikuwa kweli, ila niliinama kuhakikisha.